Punda Badala ya Farasi: Namna ya Kukaa na Askari Aliyerudi na Vita Kichwani

Marekani na Uingereza, askari waliorudi kutoka Irak na Afghanistan wakiwa hawalali usiku huchukuliwa na watu wa kujitolea hadi kwenye mazizi ya farasi. Wengi hawapandi kabisa. Humsugua farasi, humwongoza kwa kamba, husimama naye. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliwapitisha askari wastaafu 63 kwenye utaratibu wa namna hiyo kwa wiki nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu walipata nafuu ya kueleweka. Hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nalo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hiyo ni tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Mimi nayachukua matokeo hayo kama sababu ya kutosha ya kujaribu, hasa kwa kuwa gharama yake ni ndogo na madhara yake ni machache ukiwa mwangalifu.

Tatizo ni kwamba huku Maswa, mkoani Simiyu, hakuna farasi. Farasi wachache wa Tanzania wako zaidi Arusha na Dar es Salaam, kwa wenye fedha, na huku kwetu mbung'o na visubi wanaoeneza maradhi ya farasi wamemzuia kwa karne nyingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza farasi walioletwa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Punda ni mwenyeji. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 unaonyesha kwamba punda wote duniani wametokana na punda pori waliofugwa kwanza upande huu wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Yuko Nyalikungu, yuko Lalago, yuko Malampaka, anabeba maji na kuni. Mwongozo huu ni wa kumtumia yeye.

Unamsaidia nani

Usianze kwa kuwaza mgonjwa, waza jirani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na pamoja na askari wa JWTZ waliitwa mgambo kwa makumi ya maelfu kutoka mikoa yote, usukumani ikiwemo. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa anakaribia 70. Mgambo wengi walirudi moja kwa moja kwenye jembe na pamba. Aliyeshtuka usingizini akiita majina ya watu waliokufa aliambiwa ana mashetani, au amekuwa mlevi tu. Hata madaktari walikuwa nyuma: kiwewe cha vita kilipewa jina lake la sasa katika kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya vijana hao kurudi nyumbani.

Wako na vijana zaidi. Tarehe 13 Julai 2013 askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio moja. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Umoja wa Mataifa pale Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa na Watanzania wasiopungua 14 walipoteza maisha, wengine makumi wakajeruhiwa. Walionusurika wana familia, baadhi wamestaafu, na kijijini hakuna anayejua waliona nini. Kijana wa Kongo na mzee wa Kagera hawafanani. Mzee amezoea kukaa kimya na familia imejipanga kuuzunguka ukimya wake. Kijana bado anapigana na usingizi, simu na deni la benki. Usiwaweke kundi moja mwanzoni, hata kama inaonekana wataelewana.

Nenda kwa mke wake kwanza

Ukienda moja kwa moja kwa mzee na kumwambia umekuja kumsaidia moyo wake, atakukaribisha, atakupa kiti, atakusikiliza kwa adabu, na hutamwona tena. Nenda kwa mama mwenye nyumba. Muulize mzee analalaje, anashtuka na nini, hakai upande gani wa chumba, nani alishapigwa alipomwamsha vibaya. Yeye ndiye anayejua kwamba hamwamshi kwa kumgusa bega bali humwita kwa jina akiwa mlangoni. Mengi utakayohitaji yako kwake. Muulize pia kama yeye mwenyewe yuko salama. Kama anapigwa, kazi yako ya kwanza ni hiyo, na punda atasubiri.

Kisha mwone mwenyekiti wa kitongoji, umweleze kwa ufupi kwamba unatunza punda na umemwomba mzee fulani akusaidie. Asijue zaidi ya hapo. Usipige picha wala usimwite mtu wa redio. Usianzishe kikundi chenye fulana.

Sasa jinsi ya kumwambia mzee mwenyewe, na hapa wengi huharibu. Usukumani utajiri ni ng'ombe. Punda ni mnyama wa kazi za wanawake na watoto, na Kiswahili chenyewe kimemtukana vya kutosha: shukrani yake mateke, kutembea kwake bakora. Ukimwambia mtu aliyevuka mto Kagera chini ya mizinga kwamba umemtafutia punda wa kumtuliza, umemtukana. Mwambie ukweli wa upande wa pili: nina punda wawili wana vidonda vya mabegani, nahitaji mtu mwenye mkono mtulivu na asiyechelewa. Si uongo, kwani punda wengi wa Maswa wana vidonda hivyo. Akikuuliza kwa nini yeye, mjibu bila kuzunguka kwamba unajua alikuwa vitani na huenda kazi hiyo ikamfaa. Askari ananusa mtego haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie ng'ombe, ambao mzee anawapenda tayari. Kwa sababu ng'ombe wana wenyewe. Ng'ombe ni mahari, ni urithi, ni ugomvi wa ndugu na kesi ya mwaka jana. Mtu anayesimama karibu na maksai wake anahesabu. Akisimama karibu na punda wa jirani hana cha kuhesabu.

Punda gani, na mahali gani

Chagua jike mkubwa asiye na mtoto, au dume aliyehasiwa, wa miaka mitano kwenda juu. Dume mzima hafai kwa kazi hii. Wawe wawili waliozoeana, maana punda aliyetengwa na mwenzake huhangaika na kukataa kula, na hofu yake itampanda mzee. Mwite afisa mifugo wa kata awakague kabla ya siku ya kwanza: meno, kwato, minyoo, kupe. Na chanjo ya pepopunda muulizie punda, mzee na wewe mwenyewe. Vimelea vyake vimo kwenye samadi na udongo wa zizi, na mchubuko mdogo wa kwato unatosha.

Kidonda cha bega mara nyingi kinatokana na nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani, hivyo anahitaji mkanda mpana wa kifua uliofungiwa nguo kuukuu au kipande cha gunia ndani yake. Kamba ya nailoni inakata ngozi. Kushona mkanda mpya ni kazi nzuri mno ya wiki za mwanzo, kwa sababu mikono ina shughuli na macho yana pa kutazama. Wazee wengi waliopita jeshini wanajua kushona turubai na kufunga mizigo kuliko wewe. Waache wakufundishe.

Mahali pawe na kivuli na uwazi. Mti mkubwa, uzio wa miti mifupi usiozuia macho, lango linaloonekana muda wote. Mtu mwenye kiwewe hataki kuwa na mgongo mtupu, kwa hiyo pasiwe na njia ya watu nyuma yake. Epuka karibu na mashine ya kusaga na karibu na barabara ya malori ya pamba, tairi likipasuka utapoteza mwezi mzima. Kama uko upande wa Itilima au Meatu ambako tembo wanafukuzwa kwa milipuko, uliza askari wa wanyamapori watakuwa eneo lenu siku gani. Fanya asubuhi, jua halijawa kali.

Mwanzo mzuri ni Juni au Julai. Pamba imevunwa, watu wana nafasi, mvua imekwisha. Ukianza Novemba wakati wa kulima utakosa mtu na utakosa punda.

Saa moja kwa wiki

Siku moja, saa ileile, kila wiki. Ukisema saa mbili asubuhi, uwe umefika saa mbili kasorobo. Huwezi kumpa mtu huyu maneno ya kumponya, lakini unaweza kumpa jambo ambalo vita ilimnyang'anya, nalo ni kujua kitakachotokea baadaye. Usipofika mara moja bila taarifa, umerudi mwanzo.

Siku ya kwanza msimguse punda. Simameni nje ya uzio mtazame. Mwonyeshe masikio: yanakogeukia ndiko punda anakosikiliza. Mwonyeshe kwamba punda anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia, na kwamba ndiyo maana humkaribia kutokea begani ukiwa umeshaongea. Askari anaelewa jambo hilo papo hapo. Naye anajua ni nini kuwa na mahali usipoona.

Halafu mueleze tofauti ya punda na farasi, kwa sababu inamhusu. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama. Asili yake ni nchi ya mawe na jangwa, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu, hivyo huganda, hutazama, hufikiri. Watu wanaita ubishi na kumpiga. Akipigwa huganda zaidi. Nimesikia mara nyingi mke wa askari akilalamika kwamba mumewe akiitwa kwa ghafla husimama kama mti, haitiki, na watoto wanadhani amekasirika. Usimchoree mzee mstari kati ya mambo hayo mawili. Mweleze ya punda, basi.

Kuanzia wiki ya pili, anza kusugua. Gunzi la mahindi linatosha, au fundo la katani. Aanze shingoni, ashuke begani, arudi. Asipige makofi usoni wala asimkamate masikio. Punda akipenda atalegeza mdomo wa chini na kuinamisha kichwa. Akichoka atapeleka masikio nyuma au ataondoka. Akiondoka, aachwe aondoke. Hili ni gumu kwa mtu aliyezoea amri, na ndipo penyewe: mbele ya punda cheo hakifanyi kazi, sauti kubwa haifanyi kazi, ila mwili uliotulia unafanya kazi. Mzee akiwa ameshikilia pumzi, punda atasimama mbali. Akishusha mabega, punda anasogea. Hakuna haja ya mtu wa tatu kutafsiri.

Mkifika wiki ya nne au ya tano hivi, mwambie aweke kiganja kwenye mbavu ahesabu pumzi. Punda aliyetulia huvuta pumzi kama mara 20 kwa dakika. Mpe saa, ahesabu, aandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Kazi ni ya kweli, maana pumzi ikizidi sana huenda mnyama anaumwa, na punda ni hodari wa kuficha maumivu. Wakati huohuo yeye mwenyewe atakuwa amesimama dakika kadhaa akisikiliza pumzi ya polepole. Usimwambie kwamba hilo ndilo lengo la pili. Analijua.

Kuinua kwato ni hatua kubwa, usiiharakishe. Punda anayekupa mguu amekuaminia uwezo wake wa kujihami. Mkono ushuke kutoka begani hadi kifundoni, mwili uegemee kidogo, usubiri. Kijiti kisicho na ncha kali kinatosha kutoa tope na mawe. Magoti ya mzee wa miaka 70 hayataipenda kazi hii, mletee kigoda, au wewe shika mguu yeye asafishe.

Kutembea naye kwa kamba kuje baadaye, mwanzo ndani ya uzio, kisha hadi lambo na kurudi. Kamba isizungushwe mkononi hata mara moja. Mwisho kabisa ndipo mzigo: shogi mgongoni na madumu mawili ya lita 20. Wanaopakia manne wanamtesa, punda wetu ni mdogo. Maji yapelekwe kwa bibi kikongwe asiye na mtu. Hapo mzee anakuwa anayesaidia, naye atabadilika kwa namna ambayo kusugua peke yake hakuwezi kumbadilisha.

Kumpanda punda sahau. Hakuna sababu yoyote.

Mdomo wako

Usiulize aliua wangapi. Usiulize chochote kuhusu vita. Mkikutana ni salamu ya Kisukuma, mwangaluka, habari za nyumbani, kisha punda. Anaweza kukaa miezi asiseme kitu, na hiyo si dalili ya kushindwa. Siku akisema, msikilize huku mikono yako ikiendelea na kazi, usimkazie macho. Usimwambie unaelewa. Usimwambie taifa linamshukuru, isipokuwa kama wewe ni mtoto wa Kyaka au Bukoba, kule Kagera. Akikomea katikati, mwache akomee hapo. Alichosema hakitoki nje ya uzio, si kwa mkeo, si kwa mchungaji, si kwa imamu. Tofauti ni moja tu, nami nitaieleza hapa chini.

Muite anavyotaka kuitwa. Wapo wanaopenda afande mpaka kaburini na wapo ambao neno hilo linawakunja uso. Kwa kawaida babu au mzee inatosha.

Akishtuka, yaani akigeuka ghafla, akitetemeka, akaanza kukuona wewe kama mtu mwingine, usimshike. Kaa mbele yake anapokuona, sema jina lake, sema mahali: tuko Maswa, ni asubuhi, punda yupo, mimi ni fulani. Taratibu, na urudie. Mwondoe punda kama amefungwa karibu. Muache akae chini, mpe maji. Msimalizie zoezi siku hiyo, lakini usimrudishe nyumbani peke yake.

Familia nyingi zitakuwa zimeshakwenda kwa mganga au kwenye maombi. Usishindane nao, mtu anaweza kuombewa na kusugua punda wiki hiyohiyo. Lakini jambo moja katika mkoa huu halina mzaha. Jinamizi la mzee likipewa tafsiri ya kurogwa, kuna mtu atatajwa, na usukumani anayetajwa mara nyingi ni bibi kizee. Vikongwe wameuawa Simiyu na Shinyanga kwa maneno mepesi kuliko hayo. Ukisikia jina linaanza kutajwa, nenda kwa mwenyekiti na polisi siku hiyohiyo.

Pale ambapo punda hatoshi

Na hii ndiyo ile tofauti ya siri. Akianza kuaga watu, kugawa vitu vyake, kusema watoto watakuwa na nafuu asipokuwepo, kukesha usiku kadhaa mfululizo, au kunywa gongo asubuhi, usisubiri wiki ijayo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halipandi mbegu, linafungua mlango. Usimwache peke yake. Mwombe mkewe atoe nyumbani gobore kama lipo, na zaidi ya gobore, atoe dawa za pamba. Mkoa wetu unalima pamba, na viuatilifu viko chini ya vitanda. Sri Lanka ilipoziondoa sokoni dawa kali kuliko zote, vifo vya kujiua vilipungua kwa takribani asilimia 70 ndani ya miaka 20. Sanduku lenye kufuli kwa jirani ni kazi ya nusu saa.

Familia zitasita kumpeleka hospitali, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba Kanuni ya Adhabu imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Waeleze kuwa kwenda kuomba msaada kabla ya kujaribu si kosa lolote. Anzia Hospitali ya Wilaya ya Maswa, uombe rufaa kwenda ya mkoa Bariadi, na ikibidi Bugando, Mwanza. Nauli iandae mapema, usiku wa dharura si wakati wa kuchangisha. Dawa akipewa, anywe dawa. Atakayekuambia kwamba punda anatosha badala ya dawa, usimsikilize, hata kama ni mimi.

Nawe tafuta mtu wa kuzungumza naye kuhusu uchovu wako bila kutaja majina. Usichukue wazee zaidi ya wawili. Usichukue fedha, wala usimlipe mzee posho, kwa sababu siku posho ikikosekana mtakuwa mmegombana kwa jambo lisilohusu.

Kama itakubidi kuhama, mwambie mwezi mzima kabla, na punda wabaki. Zamani wanunuzi wa ngozi walipita vijijini wakichukua punda hadi machinjioni Shinyanga. Tanzania ilizuia biashara hiyo mwaka 2021 na Umoja wa Afrika ukaizuia bara zima Februari 2024, lakini wezi wa punda bado wapo. Andikishaneni kwa mtendaji wa kijiji nani atakuwa mmiliki, nani atalipia chanjo, na punda akifa mzee ataambiwa na nani.